Uenyekiti au udiwani? Ulinganisho kwa anayetaka kugombea serikali za mitaa

Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu ana moyo wa kutumikia, majirani wanamkubali, ana jina. Sasa achukue fomu ya wapi? Wengi hujibu haraka: aanze na uenyekiti wa kijiji au mtaa, akikomaa apande udiwani wa kata, kisha Mungu akipenda ubunge. Uenyekiti unahesabiwa kuwa mahali pa kujifunzia kazi.

Mimi naliona jibu hilo kuwa la kivivu. Nafasi hizi mbili hazipishani kwa ukubwa tu. Ni kazi mbili tofauti, na kuna jambo moja zito, ardhi, ambalo mwenyekiti wa kijiji ana mamlaka nalo na diwani hana. Msimamo wangu niuseme mapema: kama unaishi kijijini, fikiria uenyekiti wa kijiji kwanza na usiudharau. Kama unaishi mjini na unachotaka ni kubadilisha mambo, nenda kwenye udiwani. Sababu zinafuata. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nitazigusa mbele.

Serikali unayoiombea kazi

Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema kutakuwa na serikali za mitaa, na kwamba madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Zimeandikwa hivyo kwa sababu nchi iliwahi kuishi bila vyombo hivyo. Mwaka 1972, kwenye mpango ulioitwa madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu, na za miji nazo hazikupona. Huduma zilidorora. Miji ikarudishiwa halmashauri mwaka 1978, na wilaya zikafuata mwaka 1984, baada ya Bunge kupitisha sheria za 1982: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji, na Na. 9 ya fedha. Pamoja na marekebisho mengi, sheria hizo ndizo zinazotumika hadi leo. Ukitaka kugombea, zisome kabla hujachapisha fulana.

Mpangilio wenyewe unajulikana. Halmashauri ina kata, kata ina vijiji au mitaa, kijiji kina vitongoji. Uchaguzi wa Novemba 2024 uligusa vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Kata za nchi nzima ni karibu 4,000 tu. Kwa hiyo diwani mmoja anabeba vijiji au mitaa kadhaa, na kila kimoja kina mwenyekiti wake.

Mwenyekiti wa kijiji

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Kijiji kilichosajiliwa si tawi la halmashauri ya wilaya. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Ina wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwamo wenyeviti wa vitongoji, na inatakiwa kukutana kila mwezi. Juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu mambo ya kijiji, na unatakiwa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu.

Kwenye mkutano huo ndipo wananchi husomewa mapato na matumizi. Kama hujawahi kuhudhuria, jaribu kupata picha. Uwanja wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye majani, wengine wamesimama na baiskeli zao. Mtendaji wa kijiji anasimama na daftari na kuanza kusoma. Ushuru wa mnada kiasi fulani. Faini za mifugo iliyoingia mashambani kiasi fulani. Michango ya darasa. Kisha matumizi: posho za mgambo, shajala, nauli ya kwenda halmashauri mara nne. Mzee mmoja ananyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Hizo safari nne zimetuletea nini?" Watu wanacheka, lakini hawaondoki mpaka jibu litoke. Sijui chombo kingine cha dola nchini ambacho mtu wa kawaida, asiye na kadi ya mwaliko, anaweza kumbana kiongozi wake uso kwa uso kuhusu nauli. Mwenyekiti anayekwepa mikutano hiyo huanza kunong'onwa, na wapo walioondolewa na wananchi haohao waliowachagua.

Halafu kuna ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, ndiyo inayogawa, na hati ya hakimiliki ya kimila huanzia kwake. Serikali yenyewe hukadiria kuwa ardhi ya vijiji ni takriban asilimia 70 ya ardhi yote ya nchi. Na kuna kifungu ambacho kila anayetaka uenyekiti wa kijiji angekihifadhi kichwani: halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Migogoro mingi ya mashamba unayoisikia redioni, mwekezaji huku na wafugaji kule, ukiifukua utakuta mahali fulani kuna muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, au uliofanyika na watu 30 wakaandikwa 300. Mwenyekiti mwaminifu anaweza kuzuia balaa la miaka 20 kwa kukataa tu kusaini. Diwani hana saini hiyo.

Kijiji pia kinatunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Mifugo, misitu, vyanzo vya maji, usafi, utoro wa wanafunzi, yote yanaweza kuwekewa utaratibu hapo. Kuna baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Kwa kijiji chenye watu elfu mbili au tatu, hiyo ni serikali iliyotimia.

Udhaifu wake ni fedha. Kijiji hakina kodi ya maana. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na kwa jinsi ilivyokuwa ikikusanywa, watu wakikimbizwa hadi porini, hakuna aliyeililia. Lakini haikuachiwa mbadala wenye uzito. Mwenyekiti anabaki na faini, michango na chochote kitakachorudishwa kutoka halmashauri. Mwenyewe hana mshahara. Posho hutegemea halmashauri yake ina hali gani na ina moyo gani.

Mwenyekiti wa mtaa ni habari nyingine

Jina la cheo linafanana, kazi haifanani. Mtaa wa mjini si chombo chenye hadhi ya kisheria kama kijiji. Hauna ardhi ya kusimamia, kwa sababu mipango miji na umilikishaji viko halmashauri na wizarani. Kamati ya mtaa ni ndogo, na kazi zake kwa kiasi kikubwa ni kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri, kulinda amani na kuweka kumbukumbu za wakazi.

Kila siku kazi hiyo inaonekana kwenye benchi nje ya ofisi: barua ya utambulisho wa kufungua akaunti, barua ya kumdhamini kijana aliyelala kituoni, fomu ya kitambulisho cha taifa, baba mwenye nyumba na mpangaji wake, mitaro ya majirani, mwizi wa nyaya. Mwenyekiti mzuri wa mtaa ni mtu wa thamani kubwa. Anajua nani kafiwa na nani hajalipa kodi ya nyumba miezi mitatu, na anaweza kumaliza kwa dakika 20 ugomvi ambao mahakamani ungekula mwaka. Ukiwa na kipaji hicho, na duka au kazi nyingine inayokulisha, mtaa unakuhitaji.

Ila usiende ukitegemea kuleta lami. Na kuna mtego. Kwa kuwa posho haitoshi, wapo wanaotoza kila barua, na wapo wanaodai asilimia 10 ya bei kila kiwanja kinapouzwa eneo lao, eti kwa kuwa shahidi. Tabia hiyo imekemewa mara nyingi na haina mguu kwenye sheria, lakini imezoeleka hadi wanunuzi wanaiweka kwenye bajeti. Ukiingia na kuikataa, jiandae: kamati yako itakununia kabla wananchi hawajakushukuru.

Kitongoji nitakipita haraka. Mwenyekiti wa kitongoji anaingia kwenye halmashauri ya kijiji, kwa hiyo ana kura kwenye mambo yote ya ardhi na sheria ndogo niliyoyataja. Kwa kijana asiye na fedha za kampeni, hilo ni lango zuri kuliko linavyosemwa.

Diwani

Diwani anaingia Baraza la Madiwani, na Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, sheria ndogo za halmashauri, viwango vya ushuru, na mpango wa maendeleo. Shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, machinjio, taka, maofisa ugani: vyote hivyo vina mkono wa halmashauri. Baraza hukutana kila baada ya miezi mitatu, lakini kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati. Kamati ya fedha hukutana kila mwezi, na ndiyo inayotamaniwa na kila mtu. Nyingine zinashughulikia elimu, afya na maji, au uchumi, ujenzi na mazingira. Mjini kuna ya mipango miji. Diwani asiyesoma kabrasha la kamati kabla ya kikao anakuwa mpiga makofi wa gharama kubwa.

Kikao chenyewe kina lugha yake. Siku ya kwanza kila diwani anawasilisha taarifa ya kata yake: wanafunzi wameripoti wangapi, boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijakamilika, limefikia wapi, daraja lililozolewa na mvua. Anasimama, "Mheshimiwa Mwenyekiti, boma la Kijiji cha Mlimani lina miaka sita kwenye usawa wa lenta." Yaani kuta zimefika juu ya milango na madirisha, zikaishia hapo. Mkuu wa idara anajibu kwamba limewekwa kwenye mpango wa mwaka ujao wa fedha, kadiri fedha zitakavyopatikana. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo kaburi la ahadi nyingi za kampeni. Diwani hodari anajua hatua inayofuata: anauliza mapato ya ndani ya robo mwaka yalikuwa kiasi gani, yalilengwa kiasi gani, asilimia iliyotakiwa kwenda kwenye miradi ilikwenda wapi. Taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotoka, kunakuwa na Baraza maalumu la kujadili hoja zake, na hapo ndipo swali moja lililoandaliwa vizuri linaweza kumtoa mtu jasho. Kwa upande wa usimamizi wa fedha, hakuna mwenyekiti wa kijiji wala wa mtaa anayeukaribia uwezo huo.

Diwani pia ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo watu huiita WDC. Ndani yake wamo wenyeviti wote wa vijiji au mitaa ya kata, na mtendaji wa kata ni katibu. Kwa hiyo uenyekiti na udiwani vinakutana kwenye meza moja. Hapo ndipo vipaumbele vya vijiji vinapochujwa kabla ya kwenda halmashauri, na mwenyekiti aliyekuja na muhtasari wa mkutano mkuu, saini zote zikiwamo, humshinda aliyekuja na mdomo.

Lakini diwani ni kura moja. Kwenye halmashauri yenye kata 25, ukijumlisha viti maalumu na wabunge wa eneo hilo, unakuwa mmoja kati ya watu zaidi ya 30, na kila mmoja ana boma lake. Unahitaji kujenga urafiki, kubadilishana kura, kusubiri zamu. Asiyeweza siasa hizo atakaa miaka mitano akilalamika kwamba kata yake inaonewa.

Boma, kama mfano wa mgawanyo wa kazi

Tulibaki na lile boma. Ndilo linaloonyesha vizuri nani anafanya nini. Sera ya muda mrefu ni kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Kijiji kinaitisha mkutano, kinakubaliana mchango, wananchi wanasomba mawe na mchanga, wanafyatua tofali, kuta zinapanda hadi usawa wa lenta. Mpaka hapo aliyefanya kazi ni mwenyekiti. Ni yeye aliyezunguka na mgambo kwa upole au kwa ukali, aliyewasuluhisha waliogombea eneo la ujenzi, aliyeweka daftari la michango wazi ili watu waamini.

Kutoka lenta kwenda juu, yaani bati, milango, sakafu, na baadaye dawa na mganga, hiyo ni halmashauri. Hapo anahitajika diwani. Fedha ikishuka kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani jamii kusimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi mkubwa, zinaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi kutoka kwa jamii, na mwenyekiti anarudi kazini kuhakikisha mifuko ya saruji iliyopokelewa ndiyo iliyoandikwa. Maboma yanayoota nyasi nchini mara nyingi yana moja kati ya mambo mawili: mwenyekiti mzuri na diwani mzembe, au diwani mzuri aliyeleta fedha mahali ambapo hakuna mtu anayehesabu mifuko.

Jiulize wewe ni mtu wa upande gani. Kuna watu wanaoweza kukusanya kijiji kizima kwa filimbi lakini ukiwapa jedwali la bajeti wanasinzia. Kuna wengine wanaosoma jedwali kwa raha lakini hawawezi kukaa kwenye msiba hadi usiku.

Wanaoweza kukukwamisha

Wagombea wengi huahidi vitu ambavyo si vya nafasi wanayoiomba, na wengine hata si vya halmashauri tena. Barabara za wilaya na za mitaa zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu, mwaka 2017. Maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za miji, ilichukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye LUKU, malipo ya umeme. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililomfurahisha mkulima na kuziacha halmashauri za vijijini zikikuna kichwa. Ukisimama jukwaani kuahidi barabara, sema ukweli wake: utamsumbua meneja wa TARURA, basi.

Kisha kuna wateule. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye katibu wa Baraza na msimamizi wa matumizi ya fedha zake, anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya vilevile. Madiwani wanaweza kuwachukulia hatua watumishi wa chini, ila mkurugenzi hawamfukuzi. Sehemu kubwa ya bajeti inatoka Hazina ikiwa na masharti yake, na mipango yote iliyoanzia kijijini hukutana na ukomo wa bajeti ulioshuka kutoka juu. Huko chini, mtendaji wa kijiji au mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti hana uwezo wa kumwachisha kazi. Mwenyekiti na mtendaji wakigombana, ofisi hufungwa kwa vitendo hata kama mlango uko wazi. Nani ashike muhuri ni ugomvi wa zamani.

Tena kuna chama. Hakuna mgombea binafsi katika nafasi yoyote kati ya hizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2013, kwenye shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini sheria haijabadilika. Diwani akivuliwa uanachama anapoteza na kiti. Ndiyo maana kura za maoni ndani ya chama wakati mwingine zina jasho kuliko uchaguzi wenyewe. Mwaka 2019 Chadema, chama kikuu cha upinzani, ilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa. Mwaka 2024 CCM, chama tawala, ilitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya nafasi. Oktoba 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi za kura. Anayepanga kugombea kupitia upinzani apige hesabu hiyo bila kujidanganya, na anayegombea kupitia chama tawala ajue kwamba kushinda bila kushindanishwa hakumpi nguvu mbele ya mkutano mkuu. Watu wanaohisi hawakukuchagua hawachangi tofali.

Wanawake, vijana na ile asilimia 10

Kwa mwanamke kuna njia ya tatu: udiwani wa viti maalumu, ambao ni walau theluthi moja ya madiwani wa kuchaguliwa. Unaingia Baraza na kamati kama wengine. Tatizo ni kwamba anayekuteua ni chama, hivyo huna kata yako mwenyewe ya kukusimamia na kukutetea. Wapo waliotumia viti hivyo kujijenga kisha wakagombea kata na kushinda. Wapo waliobaki wakisubiri jina lao lirudi kwenye orodha. Ukiniuliza, kata ni bora, hata kama ni ngumu.

Ukiwa diwani, mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani utakuwa mezani kwako mara kwa mara: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, takwa la kisheria tangu 2018. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho duni, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mwenyekiti ndiye anayejua kama kikundi kipo kweli. Diwani ndiye anayeuliza kwa nini kata yake haikupata. Vikundi hewa vilipita mahali ambapo wote wawili walinyamaza.

Zanzibar na Kenya kwa ufupi

Zanzibar swali hili halipo. Shehia inaongozwa na sheha, ambaye anateuliwa, hachaguliwi. Anayetaka kupigiwa kura agombee udiwani wa wadi.

Kenya nako chifu na naibu wake ni waajiriwa wa serikali ya kitaifa, na mzee wa kijiji hapigiwi kura kwenye sanduku. Nafasi ya chini ya kuchaguliwa ni mwakilishi wa wadi, MCA, mmoja katika kila wadi kati ya 1,450 za kaunti 47. Ana mshahara unaopangwa na tume ya mishahara, anaweza kusimama bila chama, na kaunti yake inalindwa na Katiba ya 2010 inayotaka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Diwani wa Tanzania hana kinga ya namna hiyo. Mkenya naye hana mkutano mkuu wa kijiji wenye kura ya turufu juu ya ardhi. Kila upande una cha kumwonea mwenzake wivu.

Kalenda na daftari

Nafasi zote mbili zinataka miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kuwa mkazi wa eneo na kudhaminiwa na chama. Tofauti ni mwaka na msimamizi. Mwenyekiti anachaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao hadi 2024 umesimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa. Kwa mzunguko wa miaka mitano, unaofuata ni 2029. Diwani anachaguliwa siku moja na Rais na wabunge, chini ya Tume ya Uchaguzi, na zamu inayofuata ni 2030. Miezi kama kumi na moja tu inatenganisha chaguzi hizo. Ndiyo maana utawaona watu wanaogombea uenyekiti huku macho yao yakiwa kwenye kata. Mpango wako ukiwa huo, waachie uenyekiti wanaoutaka. Kijiji kisianze upya kutafuta kiongozi ndani ya mwaka mmoja.

Gharama za kampeni nazo zinatofautiana sana. Mwenyekiti anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu. Diwani anahitaji usafiri wa kufika vijiji vyote vya kata, mawakala wa kila kituo, na chakula chao.

Jambo la mwisho ni dogo na limewaangusha wengi. Daftari la kudumu la wapigakura si orodha ya wapigakura wa kijiji au mtaa. Kwa uchaguzi wa 2024 watu walijiandikisha upya kwenye maeneo yao kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, na kadi ya kupigia kura uchaguzi mkuu haikumsaidia ambaye hakufika. Ukichagua uenyekiti, kampeni yako ya kwanza ni hizo siku kumi: kumtoa nyumbani kila anayekuunga mkono, akaandikwe kwenye kituo cha kitongoji au mtaa anaoishi, na jina lake ulione limebandikwa ubaoni kabla muda wa pingamizi haujapita.